Mihogo, Rangi na Siku Tatu za Dar

Neno "makumbusho" linatajwa Dar es Salaam kila dakika, na anayelitaja sana si mwalimu wa historia bali konda. "Makumbusho! Makumbusho! Wahi siti!" Kwa abiria wengi hilo ni jina la stendi, mahali pa kushuka na kubadilisha gari. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, ambacho ndicho kilichoipa stendi jina, kiko kando ya Barabara ya Bagamoyo, na kuna watu wamepita mbele ya geti lake miaka 20 wakienda kazini na kurudi bila kuwaza hata siku moja kuingia.

Silaumu mtu. Safari zetu zina sababu zinazojulikana: msiba, harusi, hospitali, mzigo wa Kariakoo, kumsalimia shangazi. Ukisema unasafiri kwenda kutazama picha ukutani halafu urudi, watu wanakuangalia kama umepata homa. Nilipomwambia mama kwamba mimi na mdogo wangu tunatoka Dodoma kwenda Dar siku tatu, kuona michoro na kula vizuri, aliuliza: "Sawa, na kule mnakwenda kumwona nani?" Nikamjibu: hatumwoni mtu. Akanyamaza kidogo, akauliza tena kwa sauti ya chini: "Mgonjwa ni nani?"

Mgonjwa hakuwepo, lakini jambo lilikuwepo. Mdogo wangu ni mchoraji. Si wa kwenye majumba ya sanaa. Ni mchoraji wa mtaani. Ng'ombe anayetabasamu ukutani kwenye bucha, mwanamke mwenye nywele za mawimbi kwenye saluni, herufi A mpaka Z na tunda lake kwa kila herufi kwenye shule za chekechea, maneno ya nyuma ya bajaji: hizo ndizo kazi zake tangu amalize shule. Miaka hii mabango ya kuprinti yamemla. Mwenye saluni anachukua picha kwenye simu, anaipeleka ikachapwe, jioni anaitundika. Mjomba wetu, kwa nia njema kabisa, akamwambia aje asimamie duka lake la vifaa vya ujenzi. Mshahara wa kila mwezi, jua halimpigi. Alitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

Nikamwambia: usijibu bado. Twende kwanza tukawaone wenzako wanaishije.

Ijumaa asubuhi tukapanda treni ya SGR. Safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula karibu siku nzima sasa ni chini ya saa nne. Unamaliza karanga zako, unasinzia, unaamka umefika. Tukaacha mabegi kwenye gesti moja Kariakoo na kazi ya kwanza ikawa supu. Kibanda cha pembeni, benchi moja, sufuria mbili, chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Mdogo wangu alikata kipande, akakitafuna taratibu, akatoa hukumu: "Unga haujakandwa vya kutosha. Halafu mafuta kaweka mwishoni, angeweka mwanzoni ingeachia tabaka. Ila supu, mama, supu umeiweza." Mama mpishi akamjibu kwamba kama anajua sana aingie jikoni. Wateja wakacheka, mmoja akamtetea mpishi, mwingine akasema kijana yuko sahihi. Kikao kizima kikawa cha chapati. Nakisimulia kwa sababu nilikikumbuka kila mahali tulipokwenda baadaye.

Kutoka pale tulikwenda Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Wapenzi wa fasihi mtapenda anwani yake: iko Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Ilifunguliwa mwaka 1940, ikiwa na jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Mlango uko wazi kwetu kabisa, na bado tulipoingia mdogo wangu alivua kofia na kuanza kunong'ona, kama mtu aliyeingia nyumba ya wakwe.

Humo ndimo anamotunzwa Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, la takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ni makubwa mno, ndiyo maana watafiti walimpa jina la utani la mpasua kokwa. Vipimo vya meno vilivyofanywa miaka mingi baadaye vilionyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na ndago, si kokwa. Mdogo wangu alimtazama sana. "Huyu bwana alitafuna," alisema, bado kwa kunong'ona. Hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote kwa nusu saa nzima.

Alizinduka kidogo tulipofika kwenye michoro ya miambani. Ile maarufu zaidi iko Kondoa, mkoa wetu wenyewe wa Dodoma, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tumetoka Dodoma kwa treni kuja Dar kuambiwa habari za Kondoa! Tulicheka, na yule mlinzi akatutazama. Watu wembamba warefu, wanyama, mistari, vyote kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma ndani yake. Mdogo wangu hakuuliza maana ya michoro. Aliuliza kitu ambacho mchoraji wa mabango angeuliza: "Imeshika vipi muda wote huo? Bango la kuprinti halimalizi miaka miwili juani." Tukakaa hapo. Alianza kunieleza rangi inavyoingia kwenye jiwe na inavyokaa juu ya plastiki, tofauti ya kufyonzwa na kubandikwa. Nilijua mambo hayo anayajua, lakini sikuwahi kumsikia akiyasema kwa mpangilio ule.

Mchana tukatembea hadi Feri, soko la samaki la Magogoni. Si mbali, ni mwendo wa kufuata upepo wa bahari na harufu. Wanaume wananadi samaki kwa sauti zilizokauka, ndoo zinapita kichwani, ukisimama vibaya unasukumwa na hakuna wa kukuomba radhi, kwa sababu wewe ndiye umesimama vibaya. Upande wa kukaangia, makarai makubwa, mafuta yanachemka, moshi unakuingia mpaka kwenye fikra. Tulichukua changu wa kukaanga, ugali, kachumbari, ndimu na pilipili. Kijana aliyekaa karibu nasi alisema kwa kumhurumia mdogo wangu kwamba mtu mwenye akili Feri anakula kibua, changu ni wa kuonyeshea watu. Basi hapo! Mdogo wangu, mtu wa bara, aliyekula samaki wa bahari mara chache maishani, akabishana na mtoto wa pwani kwa dakika 15 kuhusu utamu wa samaki. Hakunong'ona hata neno moja.

Nikaanza kuona jambo. Mbele ya sahani sisi sote ni wahakiki. Tuna msamiati: chumvi imezidi, haijaiva, imepoa, ina mkono, haina mkono. Tunajua kulinganisha na ya jana, ya kule kwa mama fulani, ya bibi. Hatuombi ruhusa na hatuulizi kama tumesomea. Tukifika mbele ya picha tunageuka wageni. Tunasema "nzuri" na kusogea.

Jumamosi tulikwenda Nafasi Art Space, Mikocheni. Ni kituo cha wasanii kilichoanza mwaka 2008, na karakana zake nyingi ni makontena ya meli, yale yale tunayoyazoea bandarini, yaliyokatwa madirisha na kugeuzwa vyumba vya kazi. Unapita katikati ya makontena, huku mtu anachonga, kule mtu anachora, kwingine kuna mlango umefungwa na muziki unatoka ndani. Kwa watu waliozoea kufikiri kwamba sanaa inahitaji marumaru, mahali pale panapumzisha. Pana vumbi na ndoo za rangi, na watu wana nguo zilizochafuka.

Ndani ya ukumbi wa maonyesho mdogo wangu alisimama mbele ya mchoro mmoja mkubwa, watu wamebanana kwenye daladala, nyuso zimekatwa vipande vipande.

"Unaonaje?" nikamwuliza.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, dada. Watu wamesomea hawa."

"Sikiliza. Ingekuwa supu ungesemaje?"

Alicheka, akaangalia huku na huku kama kuna mtu anasikia. Kisha akasema: "Nyekundu imezidi. Imefunika kila kitu, kama pilipili iliyomwagika. Mtu angetaka kuona macho ya huyu mama hapa, lakini nyekundu haimpi nafasi. Ila mikono ile iliyoshika bomba… mikono ile aliichora amekaa kimya. Mikono imeiva."

Imeiva! Niliandika neno hilo kwenye simu yangu. Nyuma yetu mtu alikohoa. Alikuwa kijana mwenye fulana yenye madoa, akasema mchoro si wake ila wa rafiki yake, na kwamba habari ya nyekundu wamembishia wiki nzima. Waliondoka pamoja kwenda kwenye kontena lake. Nilikaa chini ya mti nikanywa soda mbili. Waliporudi walikuwa wanazungumza bei ya rangi, ni duka gani linauza ya kweli na lipi linachanganya, na tina ipi inaua brashi. Hakuna aliyemwuliza mdogo wangu cheti.

Kuna jambo la historia linanijia kila ninapofikiria chakula na picha pamoja. Sam Ntiro, mchoraji wetu aliyetoka Machame na kusoma Makerere kisha London, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 jumba la MoMA la New York likainunua. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na Ntiro akapelekwa London kuwa Balozi wetu. Fikiria: kitu cha kwetu kilichokwenda kukaa kwenye jumba kubwa vile ni watu wamebeba pombe wanakwenda harusini. Hakutafuta jambo la mbali. Mtu wa Kilimanjaro akiiona picha ile atakuwa na la kusema kabla ya mtaalamu yeyote, kuhusu mbege, kuhusu nani anatangulia na nani anafuata. Lakini picha iko New York, na mtu wa Kilimanjaro yuko Kilimanjaro.

Mchana tulichukua bajaji kwenda Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Habari ya Edward Said Tingatinga wengi wanaijua kwa jina la mchoro kuliko kwa jina la mtu. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, akaja Dar kutafuta maisha. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za dukani, zile za kupakia baiskeli, na kuziuza karibu na Morogoro Stores, ambako wazungu walikuwa wakija kununua mahitaji ya nyumbani. Alichora kwa miaka minne hivi. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwemo, wakidhani ni la wahalifu wanaotoroka, akafa. Hakuwa na miaka 41. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho bado kipo hapo Oysterbay.

Mdogo wangu hakuanza na picha. Alianza na makopo. Aliinama, akasoma lebo, akainuka na uso ambao sikuuona tangu tutoke nyumbani. "Dada, hii ni rangi yangu." Ilikuwa kweli. Rangi ile ile ya mafuta anayopakia ng'ombe wa bucha, inayong'aa, inayokauka taratibu, inayonuka mpaka usiku. Akakaa chini karibu na mzee mmoja aliyekuwa anaweka madoadoa kwenye mgongo wa chui, doa moja baada ya jingine, kwa brashi nyembamba kama njiti. Nilimsikia mzee akimwambia: "Mkono usikimbie. Rangi hii haipendi mtu mwenye haraka."

Najua lawama zinazotolewa kwa Tingatinga siku hizi. Twiga yule yule, tembo yule yule, Mlima Kilimanjaro nyuma, kila duka la watalii toka Arusha hadi Zanzibar. Nami nimewahi kusikia watu wanaoipenda sanaa wakisema hiyo si sanaa tena, ni biashara. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mama wa supu Kariakoo anapika chapati ile ile kila siku ya Mungu, na hakuna anayemwambia amekosa ubunifu. Tunachomwuliza ni kama ya leo ni nzuri. Kurudia si kosa. Fundi wa kweli hurudia.

Tofauti iko kwingine, na niliiona nikiwa nimesimama pale. Chapati mbaya inapata jibu asubuhi hiyo hiyo. Mla chapati anaishi jirani, kesho atarudi, na akirudi atasema. Akinuna siku tatu, mpishi anajua. Mchoro wa twiga unanunuliwa na mtu anayepanda ndege Jumatatu. Anauweka kwenye begi, anaondoka, na harudi tena kusema kwamba shingo ya twiga ilikuwa imepinda au kwamba ile bluu bado inampa furaha kila asubuhi. Mchoraji anabaki hana wa kumbishia. Anachojua ni kwamba twiga ameuzika, basi anachora twiga. Watalii hawana kosa. Kinachokosekana ni mteja wa mtaani, anayerudi.

Nilimwambia mzee mawazo hayo, kwa ufupi na kwa adabu. Akaendelea kuweka madoa. Kisha akasema: "Jirani yangu hapa nyuma tumeishi naye miaka. Akija ananisalimia vizuri, ananiuliza familia. Picha hajawahi kuiangalia." Hakuwa na uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Jioni tukashuka Coco Beach kula mihogo. Kama hujaila, nitakueleza: inachomwa au inakaangwa, inapasuliwa katikati, inamwagiwa pilipili na chachandu ya ukwaju, unakula umesimama au umekaa kwenye kiti cha plastiki miguu iko mchangani. Familia zilikuwa zimejaa, watoto wanakimbizana, mishkaki inafuka. Mihogo haijawekewa kibao cha maelezo, lakini kila aliyekuwepo alikuwa na maelezo yake. Wa kuchoma uwe mkavu. Hapana, uwe na unyevu kidogo ndani. Pilipili ya huyu ni ya kweli, ya yule ameongeza maji.

Hapo ndipo tulipozungumza habari ya mjomba. Mdogo wangu alihesabu kwa sauti. Kwa mwezi wenye kazi anapata kiasi fulani, kwa mwezi mkavu hapati kitu. Mwenye baa mmoja alimchorea ukuta mzima, simba na mto, akalipwa nusu, na nusu nyingine ni mwaka sasa. "Angalia huyu mama," alisema, akimwonyesha muuza mihogo. "Kabla hujapewa sahani unatoa hela. Hakuna anayemwambia, mama, nipe kwanza nile, nikiridhika nitakuja kukulipa. Mimi wananiambia hivyo kila siku."

"Kwa nini wewe unakubali na yeye hakubali?"

Alifikiri. "Kwa sababu muhogo kila mtu anaujua bei yake. Wa kwangu ng'ombe, hata mimi mwenyewe siujui."

Sikuwa na ushauri. Mtu mwenye mshahara asimwambie asiye nao kwamba afuate moyo wake. Moyo haulipi kodi ya chumba. Tulimaliza mihogo, tukaongeza mishkaki miwili miwili, bahari ikawa nyeusi.

Jumapili ilikuwa zamu ya Kijiji cha Makumbusho. Kilianzishwa katika miaka ya 1960, nchi ikiwa bado changa, ili kuonyesha nyumba za jadi za makabila yetu zikiwa zimesimama, si kwenye picha. Unatembea kutoka nyumba ya msonge hadi nyumba ya pwani ya makuti, kutoka Ziwa hadi Kusini, katika eneo ambalo mtu mzima analimaliza polepole kwa asubuhi moja. Na katikati ya Dar, kelele za magari zikisikika nje ya ukuta, tukakutana na tembe la Kigogo. Paa la tambarare lililofunikwa udongo, kuta fupi, giza la ndani lenye ubaridi.

Bibi yetu alizaliwa kwenye tembe. Mimi na mdogo wangu tumezaliwa kwenye bati. Tuliinama tukaingia, tukasimama kimya, na mara hii haukuwa ukimya wa ugeni. Baada ya muda mdogo wangu akasema: "Kila kitu kipo. Moshi tu." Alikuwa sahihi. Nyumba ilikuwa sawasawa, lakini haikuwa na harufu. Hakuna mlenda uliokuwa jikoni, hakuna ugali wa uwele, hakuna mtu aliyekohoa kwa sababu ya kuni mbichi. Bibi alikuwa akisema mlenda usipovutika huo si mlenda, ni maji ya kijani. Pale ndani hakukuwa na wa kubishana naye.

Sisemi kwamba kijiji kile kimeshindwa. Huwa wanafanya siku za utamaduni ambapo watu wa kabila fulani wanakuja na ngoma zao na vyakula vyao, na naamini siku hizo nyumba zinapumua. Hata Jumapili ile ngoma ilipigwa, wageni wachache na watoto wengi wakacheza. Lakini nilipotoka mle ndani nilielewa nilichokuwa nakitafuta siku tatu. Chakula chetu hakijafa kwa sababu tunakila tukikilaumu. Tunakisifu, tunakikataa, tunakirudia, tunamwambia mpishi usoni. Mchoro unahitaji kelele hiyo hiyo. Zile kuta, zile kabati za kioo, zile kimya za heshima zinautunza usiharibike, na hilo ni jambo kubwa. Bila hizo Zinjanthropus angekuwa hadithi tu. Lakini kuutunza usiharibike ni kazi moja. Kuufanya uishi ni kazi nyingine, na hiyo haiwezi kuachiwa mlinzi wa makumbusho. Inamhitaji mtu atakayesimama mbele yake aseme nyekundu imezidi, kisha wiki ijayo arudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata siku mbili tatu za Dar, usizimalize zote Kariakoo. Nenda Shaaban Robert asubuhi, Feri mchana. Nenda Mikocheni, shuka Oysterbay, malizia na mihogo. Na ukifika mbele ya picha usivue ulimi pamoja na kofia.

Mtataka kujua ilikuwaje kwa mjomba. Mdogo wangu alimjibu kwa heshima kwamba anaomba duka apewe mtu mwingine. Mjomba hakufurahi, na kijana mwingine amekwishaanza kazi; mlango huo umefungwa. Sijui kama aliamua vyema. Mwezi wa kwanza aliniomba hela ya kodi, nikampa. Kitu kimoja amebadilisha: hachovyi brashi kabla ya kupokea nusu ya malipo, na bei anaitaja yeye. Wateja wawili wamemkimbia kwa sababu hiyo.

Wa tatu ni mama mmoja anayekaanga samaki wa Mtera karibu na stendi. Alitaka perege mkubwa ukutani mwa kibanda chake. Alilipa nusu kwanza, akalalamika, akalipa. Juzi mdogo wangu alinipigia jioni, sauti yake imechangamka.

"Dada, yule mama kaikataa kazi."

"Kaikataa?"

"Kasema mkia mfupi. Kasema perege hana mkia kama huo, yeye anawapara kila siku, anawajua. Wateja nao wameingilia, mmoja anasema mkia uko sawa, shida ni jicho."

"Na wewe unaonaje?"

"Jicho liko sawa. Mkia kweli ni mfupi. Kesho asubuhi naurudia."